Mwaka Tuliopiga Makasia Nyikani

Tulimzika Kocha Wambui mwaka jana huko Ngong, siku ya upepo ulioshuka vilimani na kuzipigapiga turubai za mahema hata mhubiri akawa anarudia kila sentensi mara mbili. Naserian alifika tukiwa tumeshaanza kuimba. Nilimtambua kabla sijauona uso wake, kwa jinsi mabega yake yanavyotangulia anapotembea, maana kwa sehemu kubwa ya mwaka mmoja wa ujana wangu mabega hayo ndiyo niliyokuwa nikiyatazama kila asubuhi. Hatukukumbatiana kwa kelele. Alinishika mkono, akaendelea kuushika, tukasimama hivyo mpaka udongo ukaisha kurudishwa. Baadaye tulipewa mukimo na nyama, tukaketi kando ya ua palipokuwa na kivuli. Msichana mmoja wa chuo, mpwa wa marehemu, akatuletea soda na kutuuliza kwa heshima, "Kwani nyinyi auntie mlijuana wapi?"

"Kwa maji," Naserian akamjibu.

"Maji gani? Si mmesema mmetoka Kajiado?"

"Hayo hayo ya Kajiado."

Msichana akacheka vile vijana wanavyochekea utani wa wazee matangani, akaenda zake na kreti ya soda. Naserian akaendelea kula. Mimi nilishindwa. Tangu siku ile nimekuwa nikirudi kwenye mwaka huo mmoja, mara nikiwa naosha vyombo, mara nikiwa kanisani, nao hauji kwa mpangilio. Unakuja kama kitu ulichokiona kupitia maji, chenye kuyumba kidogo, kikubwa kuliko kilivyokuwa. Nilikotoka na aliyenizaa sitaeleza hapa. Mwaka ninaousema unaanzia kwenye chumba.

Chumba chenyewe kilikuwa Kitengela, katika ploti ya vyumba vilivyopangana kama mabehewa, na nilikaa humo na shangazi yangu, ambaye kwetu tunamwita Senge. Senge alifanya kazi Athi River, kwenye kiwanda cha nguo, akitoka alfajiri na kurudi na vipande vya nyuzi kwenye nywele. Pazia la maua liligawa chumba: upande mmoja kitanda chake, upande mwingine godoro langu, jiko, na meza iliyobeba kila kitu. Jioni ilinuka omena na mafuta ya taa. Ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba tulijua jirani anaomba nini kwa Mungu na anamwambia nini mumewe baada ya kuomba. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kungoja matokeo, kisha nikayapata, kisha nikaanza kungoja kitu ambacho sikukijua jina. Nje ya geti uwanda ulikuwa bado mtupu siku hizo. Kuna asubuhi niliamka nikakuta nyumbu wamesimama karibu na kamba zetu za kuanikia nguo, wanapumua moshi, wanatazama shuka za Senge kana kwamba zimeandikwa kitu.

Kocha Wambui alikuwa ametufundisha jiografia shuleni, mimi na Naserian, darasa moja. Aliwahi kusoma ng'ambo, na huko alijifunza kuendesha kayaki, ile mitumbwi myembamba ya mashindano ambayo mtu huketi akitazama mbele na kasia lake lina bapa pande zote mbili. Aliporudi nyumbani hakuacha. Alipata kutoka kwa marafiki zake wa zamani boti moja kuukuu ya watu wawili, ikaja kwa meli na lori, na kwa kuwa hakuwa na pa kuiweka aliiweka ndani ya nyumba aliyopanga. Siku aliyotuita, tulifungua mlango tukaikuta imetanda kutoka sebuleni, ikapita koridoni, pua yake ikaingia jikoni na kusimama juu ya jiko la gesi. Ilikuwa nyeupe, imefifia kama jino. Kuvuka kwenda chooni ilibidi uiname chini yake. Kocha alikuwa ameanika kitambaa cha vyombo kwenye pua ile.

"Kaeni," akasema, "lakini msiigonge kwa vichwa."

Tulikula githeri tukiwa tumeketi sakafuni kando ya boti hiyo, naye akatueleza mpango wake bila kupunguza sauti wala kujitetea. Kulikuwa na mashindano ya kimataifa ya vijana ya mbio za kayaki mwaka huo, huko Hungaria. Nchi yoyote iliruhusiwa kupeleka wanamichezo wake. Alitaka kupeleka wawili, na wawili hao walikuwa sisi.

"Mwalimu," Naserian akamwambia, "mimi sijui kuogelea."

"Utajua."

"Kwetu hakuna maji ya kuingia mtu mzima."

"Kuna bwawa," akasema Kocha. "Nimelipima."

Bwawa hilo lilikuwa upande wa Isinya, mbali kidogo na barabara ya Kajiado, lilichimbwa zamani kwa ajili ya mifugo. Halikuwa na mti hata mmoja. Asubuhi maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na anga lilikaa juu yake zima, na ukitazama kutoka ukingoni ulishindwa kujua uwanda unaishia wapi na maji yanaanzia wapi. Pickup ya maziwa ilitubebea boti, mkia ukiwa umening'inia nyuma na kufungwa kitambaa chekundu. Kocha alitufunga jerikeni tupu kiunoni, akatuingiza majini, akatuacha tuelee kama vifuniko. Naserian aliyaogopa maji kwa juma la kwanza, ila hakusema. Niliijua hofu yake kwa sababu aliacha kuimba, na yeye alikuwa mtu wa kuimba kwa sauti ya chini wakati wote, hata akila. Siku aliyoanza tena kuimba akiwa ameelea chali, masikio ndani ya maji, bila kujua kwamba tunamsikia, Kocha aliniangalia na kuweka kidole mdomoni.

Naserian aliketi mbele kwa sababu alikuwa na mapigo yasiyobadilika. Mimi niliketi nyuma na kazi yangu ilikuwa kumfuata. Hilo linasikika rahisi. Tulipinduka siku nyingi kuliko nitakavyokiri kwa wajukuu. Halafu asubuhi moja, sijui kwa nini asubuhi hiyo na si nyingine, boti ilinyamaza. Makasia yaliingia pamoja na kutoka pamoja, matone yakaanguka pamoja, nami nikawa sijui mkono upi ni wangu. Nimeolewa, nimezaa, nimeimba kwenye kwaya iliyopendwa; sijawahi tena kuwa ndani ya kitu kilichonyamaza namna ile. Ila bwawa lilikuwa fupi. Mbio zetu zilikuwa za mita mia tano na bwawa halikufika hata nusu yake, kwa hiyo kila mara pumzi zilipoanza kuwaka kifuani, ukingo ulikuwa umeshafika, tunaacha kupiga, tunageuza, tunaanza upya.

Ng'ombe walikuja kunywa saa tatu. Tulijifunza kutoka majini kabla yao ili wasiogope. Baba yake Naserian, Mzee Sankale, alikuja nao mara ya kwanza mwezi wa Februari, na nilikuwa na hakika amekuja kumtoa binti yake. Aliegemea fimbo yake ukingoni na kututazama tukienda na kurudi. Tulipotoka, tukainamisha vichwa, akatugusa utosini mmoja mmoja.

"Takwenya," akaniamkia.

"Iko," nikaitikia, jinsi Naserian alivyonifundisha.

Akaigusa boti kwa ncha ya fimbo. "Mnavua nini?"

"Hatuvui, Mzee. Tunashindana."

"Na nani?"

"Na wasichana wengine."

"Wako wapi?"

"Wako Ulaya, Mzee."

Akalitazama bwawa lote, taratibu, kutoka upande huu mpaka ule. "Basi mmewaacha mbali sana," akasema, akaenda kuwaita ng'ombe wake. Naserian alicheka mpaka akaketi kwenye matope.

Senge hakucheka. Wakati Kocha alipokuja kumwomba ruhusa, niliambiwa niende kununua sukuma wiki, na niliporudi nikasimama nje ya mlango nikawasikia. "Nimelea huyu mtoto kwa cherehani," Senge alikuwa akisema. "Nataka aende kozi ya ualimu. Wewe unataka kumpeleka akafe maji kwa mchezo wa watu wenye maji." Nilisikia kijiko kikikoroga kikombe muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji. Halafu Kocha akasema, "Mama, mimi sina mtoto. Wale wawili wakizama, mimi nitaogelea wapi?" Nilipoingia, Senge alichukua sukuma wiki, akaanza kuikatakata, akasema bila kugeuka, "Ukienda, uende na sweta nzito." Nilielewa kwamba jambo limepita.

Mvua za masika hazikuja. Kwanza tulifurahia, kwa sababu bila mawimbi na matope barabarani mazoezi yalikwenda vizuri. Ndivyo vijana walivyo. Halafu ukingo wa bwawa ukaanza kututembelea. Kila juma maji yalikuwa yamerudi nyuma hatua kadhaa, yameacha mkanda wa matope uliopasuka kama ukoko wa ugali. Tulibeba boti mbali zaidi ili kufika majini na tuligeuza mapema zaidi tukiwa ndani. Ng'ombe hawakungoja tena saa tatu. Walikuja alfajiri, wakaingia mpaka magotini na kukaa humo, mbavu zikihesabika, na sisi tukapita katikati yao kwa kasia la polepole, tukiomba radhi. Asubuhi moja chombo kiligusa chini. Kulikuwa na sauti ya mkwaruzo, tukasimama katikati ya bwawa kama watu walioketi mezani. Naserian alitazama upande, akaweka kasia majini wima. Maji hayakufunika hata bapa lake. Tulishuka, tukaibeba.

Siku chache baada ya hapo tulikuwa jikoni kwa Kocha, pua ya boti juu yetu, chapati zikiiva. Tiketi zilikuwa tayari. Naserian hakuvua viatu kama kawaida yake, alisimama mlangoni.

"Kocha, mimi siendi."

Kocha aligeuza chapati. "Baba amekataa?"

"Hapana. Baba amesema niende. Amesema hata nivae shanga, wanione vizuri."

"Sasa?"

"Wanahamisha ng'ombe, wanapeleka upande wa Oloitokitok, kuna majani chini ya mlima. Ndugu zangu hawatoshi. Baba mguu wake ni mbaya, na hataki kusema."

"Watafute mtu wa kuwasaidia."

"Mtu hawezi kuwajua vile mimi ninawajua. Kuna wale wakilala chini hawaamki, lazima uwaone kabla hawajalala." Akanitazama mimi, si Kocha. "Nikienda huko nitaketi kwa boti na akili yangu iko huku. Nekesa, wewe unajua boti hiyo. Itapinduka tu."

"Umeniacha," nikasema.

"Sijakuacha. Nimeenda na ng'ombe."

"Ni kitu kimoja!"

"Si kitu kimoja," akasema kwa upole, na ule upole ndio ulionichoma. Kocha alizima jiko. Kwa muda tulisikia tu kitambaa kikidondosha maji kutoka kwenye pua ya boti, juu ya sahani. Kisha Kocha akamvuta Naserian, akamketisha, akampa chapati ya kwanza, tukala sote watatu bila mazungumzo, na zilikuwa chapati nzuri, bado nazikumbuka.

Kwa hiyo nilikwenda na Kocha peke yetu, mimi nikiwa nimeandikishwa boti ya mtu mmoja, ambayo nilikuwa sijawahi kuiketia. Waandaaji walitukopesha. Tulilala katika bweni la shule karibu na mto, chumba cha vitanda viwili na dirisha lenye pazia la lesi, na nje miti mirefu myembamba iliyokuwa ikinong'ona siku nzima hata pasipo upepo. Huko jua lilikawia kutua mpaka nikahisi kwamba wamelisahau. Chakula kilikuwa supu ya samaki, nyekundu kabisa kwa pilipili isiyowasha, na mkate mwingi, na bakuli la plamu katikati ya meza ambalo hakuna aliyelilinda. Wasichana wa nchi nyingine walikuwa na mikono kama ya maseremala. Walizungumza lugha nyingi kwa wakati mmoja, na mimi nilikula nikisikiliza, sielewi neno, lakini sauti zile zilinituliza kama mvua ya mbali juu ya mabati. Nilimwaza Naserian akiwa mahali fulani kati ya Kajiado na mlima, amefunika pua kwa shuka kwa sababu ya vumbi.

Boti ya mtu mmoja ni nyembamba kuliko makalio. Siku ya mazoezi nilitoka kwenye gati, nikapiga kasia mara chache, nikapinduka mbele ya jukwaa zima. Maji yalikuwa baridi na safi. Nilipofungua macho niliona mwanga wa kijani, na miguu yangu mwenyewe, jambo ambalo bwawani halikuwahi kutokea. Mzee mmoja mwenye masharubu alikuja na mtumbwi wa injini, akanivuta kwa ukosi wa fulana kama paka anavyobeba mtoto wake. Nilirudi nikapanda tena. Nilianguka tena. Mara ya tatu watu waliacha kutazama, na hilo liliuma zaidi.

Jioni ile nilikuwa nimelala nimegeukia ukuta wakati Kocha aliposimamishwa koridoni na kocha wa nchi nyingine, mtu mwenye sauti ya ukarimu. Walizungumza Kiingereza. Alimwambia kwamba hakuna aibu kumwondoa msichana. Kwamba ingekuwa huruma. Kwamba kuja tu kulitosha. Nilingoja Kocha akubali. Kusema kweli nilitaka akubali. Badala yake nikamsikia akisema kwamba msichana huyu amejifunzia mahali ambapo ng'ombe wanakunywa, na kwamba hajawahi hata mara moja katika maisha yake kupiga kasia mita mia tano bila kugeuka. "Nataka azione," akasema. "Akianguka, ataanguka akiwa anazitafuta." Aliingia, akaketi kwenye kitanda chake, akavua viatu. Alijua niko macho. Akasema kwa Kiswahili, "Kesho usimfuate mtu. Huko nyuma ulikuwa unamfuata Naserian. Kesho imba wimbo wake, ufuate huo."

Asubuhi hakukuwa na upepo. Mto ulikuwa umelala kama kioo, na ukungu mwembamba ulikuwa unatembea juu yake bila miguu. Pale mwanzo kila boti hushikwa mkia na mtu aliyelala kifudifudi kwenye jukwaa dogo, ili zote zilingane. Aliyenishika mimi alikuwa na vidole vyenye baridi. Nilivihisi kupitia boti. Kulia kwangu kulikuwa na wasichana, kushoto kulikuwa na wasichana, wote wameinama mbele kama ndege wanaotaka kunywa. Sauti ikatolewa, na mara moja nikawa peke yangu, kwa sababu wao walikuwa wameondoka.

Niliyumba. Niliweka bapa juu ya maji, nikatulia, nikaanza. Nilianza kuimba kwa pumzi, ule wimbo usio na maneno ambao Naserian aliuimba akiwa na jerikeni kiunoni. Mbele yangu mawimbi ya wengine yalikuwa yanafifia. Kasia likaingia, likatoka. Kifua kikaanza kuwaka, na mara ile mikono yangu ikapunguza yenyewe, bila kuniuliza, ikajiandaa kugeuza. Ni pale ambapo bwawa letu lingeisha. Nilinyanyua macho kutafuta ukingo, na hapakuwa na ukingo. Maji yaliendelea. Yalikwenda mbele, meupe, wazi, kati ya mistari miwili ya maboya, hakuna matope, hakuna ng'ombe, hakuna mtu, na sikuwa na sababu yoyote duniani ya kusimama. Siwezi kueleza vizuri nilichohisi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kila kitu nilichokuwa nimekijua kilikuwa na urefu fulani, chumba, pazia, mwaka wa shule, bwawa. Nilipiga kasia kuingia katika ile sehemu ya maji ambayo nilikuwa sijawahi kufika, nikasahau kuogopa, na boti ikanyamaza.

Nilikuwa wa mwisho, kwa mbali. Washindi walikuwa wameshageuza na wanarudi kwa upole wakati mimi nilipovuka mstari. Watu wachache walinipigia makofi yale ya huruma, na nilishangaa kwamba hayakuniuma; yalinipita kama sauti za jirani. Kocha alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka magotini, na viatu vyake vya kanisani. Alishika pua ya boti, akalaza paji la uso juu yake.

Senge alinipokea kwa swali moja. "Walikuwa wanakupikia nini?" Nilipomweleza, alitikisa kichwa kuhusu pilipili isiyowasha, na kesho yake nilimsikia ukutani akimwambia jirani, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika, "Wetu alienda Ulaya na akarudi akiwa mzima."

Naserian alirudi mwezi wa Oktoba. Nilipopata habari nilibeba sukari, mkate na majani ya chai, nikaenda kwao, nje ya Kajiado, nikatembea kutoka barabarani kwenye vumbi lililofika vifundoni. Ua wa ng'ombe ulikuwa mkubwa kuliko nilivyoukumbuka, na nilichukua muda kuelewa kwamba ulionekana mkubwa kwa kuwa ulikuwa karibu mtupu. Mzee Sankale alinigusa kichwa. Ndani, penye moshi na mwanga wa kitundu kimoja, nilipewa chai ya rangi. Katika nyumba ile nilikuwa sijawahi kuona chai isiyo na maziwa. Mzee aliona ninavyoitazama. "Kunywa," akasema. "Hata sisi tunaishangaa."

Alipotoka, Naserian alinieleza. Aliongea polepole, akikwaruza sakafu kwa kidole. Walipoteza zaidi ya nusu. Wengine njiani kabla ya mlima, wengine palepale kwenye majani, wamefika wakiwa wamechoka hata hawawezi kula. Kulikuwa na mmoja mwekundu aliyemlea kwa mkono, alilala kando ya barabara akakataa. "Nilishika kichwa chake," akasema. "Nilitaka kumwambia kitu. Sikujua ng'ombe anaambiwa nini." Kisha akafuta mikono. "Sasa lete yako. Yote. Usiruke kitu."

"Wacha kwanza..."

"Hapana. Ngoja." Aliinuka, akaja kuketi kwenye ngozi mbele yangu, amenipa mgongo, miguu ameinyoosha. "Hivi. Sasa niambie."

Kwa hiyo niliuambia mgongo wake. Nilimweleza pazia la lesi na plamu. Nilimweleza nilivyoanguka, na yule mzee wa masharubu, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. Nilimweleza ukungu, na kijana aliyeshika mkia, na nilivyoimba wimbo wake. Mabega yakatulia. Nilipofika mahali ambapo bwawa letu lingeisha, nilieleza kwa sauti ya chini kwamba maji yaliendelea, na mabega yakaanza tena kutikisika, na safari hii sikujua kama ni kicheko. Sikumgeuza. Niliendelea kumweleza mpaka mstari wa mwisho, mpaka Kocha na viatu vyake, na nilipomaliza tulikaa vilevile, yeye mbele, mimi nyuma, mpaka chai ikapoa.

Watu huuliza, wakisikia habari hii, tulifika wapi. Hatukufika popote pa kuandikwa. Naserian alisomea afya ya mifugo, na leo upande wote ule ng'ombe akilala vibaya simu inayopigwa ni yake. Mimi niliendelea na mashindano misimu michache, nikawa wa mwisho, halafu si wa mwisho, halafu nikaenda ile kozi ya ualimu, na sasa nawafundisha watoto wa Kitengela kuogelea katika bwawa la shule lenye vigae vya buluu, mahali ambapo zamani nyumbu walikuwa wakipita. Kando ya ua huko Ngong nilimuuliza Naserian kitu ambacho sikuwahi kumuuliza: kama alijuta. Alitafuna, akafikiri kwa dhati. "Nilijuta," akasema. "Mwaka mzima. Halafu nikachoka."

Mwaka ule wa bwawa, mvua ilinyesha mwezi wa Novemba, siku nne mfululizo, ikaacha, ikanyesha tena. Kocha alitukuta stendi ya Isinya na boti imefungwa juu ya pickup, bila kutuuliza. Bwawa lilikuwa limejaa kupita tulivyowahi kuliona, rangi ya udongo mpya, na majani mafupi yalikuwa yametoka mpaka ukingoni, kijani kikali ambacho macho yalikuwa yamezoea kukikosa. Tuliingia. Mapigo ya kwanza yalikuwa mabaya, makasia yakagongana, Naserian akatukana kwa Kimaa, Kocha akajifanya hasikii. Halafu tukapatana. Upande wa pili ng'ombe waliobaki walikuwa wamesimama majini wanakunywa, na Mzee Sankale amesimama katikati yao, shuka amelipandisha magotini. Tulipokaribia tuliacha kupiga. Boti ikaendelea yenyewe, polepole, ikapita kati ya ng'ombe wawili ambao hawakunyanyua hata vichwa, na Naserian, bila kugeuka, akanyoosha mkono akampapasa mmoja ubavuni tulipokuwa tukimpita.